Aliyeumia Kichwa: Haki Zake na Wajibu Wetu



Ndugu Waislamu wa Michenga, tumeomba nafasi hii baada ya Isha kwa jambo linalotugusa sote. Vijana wetu wa bodaboda wanaanguka, wazee wetu wanapatwa na kiharusi. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko pale Ifakara huwapokea, jeraha hufunga, na mgonjwa hurudi nyumbani. Hapo ndipo mtihani huanza. Aliyekuwa mpole huwa mkali, husahau jina la mwanawe, hucheka msibani. Majirani husema ana jini. Jamaa huuza mpunga wote wakampeleka kwa mganga, na kadi ya kliniki ikabaki juu ya kabati.

Sisi hatukanushi kuwapo kwa majini, kwani Qur'ani imewataja. Lakini ubongo ulioumia ndani ya fuvu hubadili hasira, kumbukumbu na usemi wa mtu, na hilo lina matibabu na mazoezi yake. Kuyaacha hayo na kuendea ramli ni kuongeza shirki juu ya maradhi.

Liko jambo linalovunja nyumba. Mume aliyeumia kichwa hutamka talaka, na siku ile ile mawifi humfungia mke virago. Subhanallah! Aliyeondokewa na akili hana taklifu, na talaka yake haipiti. Basi kabla mke hajatoka aulizwe daktari, kisha shekhe mwenye elimu. Na shamba lake lisinunuliwe kwa bei ya kutupa. Sheria yetu humwekea msimamizi asiyeweza kuitunza mali yake.

Serikalini nako iko haki isiyodaiwa. Aliyegongwa, au abiria aliyeangushwa, achukue fomu ya polisi, PF3, na kuitunza, kwani bima ya chombo kilichomuumiza inaweza kudaiwa. Asiye na uwezo wa gharama aende kwa afisa ustawi wa jamii na barua ya mtendaji. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamhusu hata aliyepata ulemavu ukubwani. Halmashauri nazo hutenga asilimia 2 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya watu wenye ulemavu, mikopo ambayo ilisitishwa mwaka 2023 ikarejeshwa mwaka 2024. Haina riba. Ajabu ni kwamba sisi tunaoikemea riba kila Ijumaa ndio tusioijua mikopo hiyo.

Lakini mtu asiyekumbuka njia ya nyumbani hawezi kuzunguka ofisini peke yake, na mkewe hawezi kumwacha. Kwa hiyo tunaomba vijana wawili wa msikiti kwa kila mgonjwa: mmoja wa kufuatana naye, mmoja wa kukaa na watoto. Nauli itoke katika zaka ya mpunga, nayo kwa shamba la mvua ni sehemu moja ya kumi. Majina yataandikwa Ijumaa ijayo baada ya swala, kwa katibu.