Mahindi Yasiyo na Jina



Mnaikumbuka kampuni ya simu ya Celtel? Mwaka 2008 ikaitwa Zain. Mwaka 2010 Wahindi wa Bharti wakainunua, ikawa Airtel. Jina likabadilika, rangi ikabadilika, na biashara ikaendelea, kwa sababu mwenye kutafuta yuniti za pesa ndogo bado alimkuta kijana wa kabini chini ya mwavuli. Kazi ya masoko ni hiyo: mteja akute anachotafuta. Matangazo ni sehemu yake tu, na mara nyingi ndiyo sehemu yenye kelele. Kinshasa, kampuni ya bia ya Bralima ilimshika mwanamuziki Werrason aimbie Primus, na mshindani wake Bracongo ikamshika JB Mpiana kwa Skol. Tulicheza, sikatai. Lakini hakuna wimbo unaoweza kuuza chupa isiyofika kwenye nganda, yaani baa.

Mwaka 1994 George Day, profesa wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, aliandika kwamba kampuni zinazofuata soko huzishinda nyingine kwa mambo mawili: kutambua mapema mnunuzi anataka nini, na kumweka mteja karibu. Profesa hakuwahi kuniuliza, ila ningemwelekeza kwenye soko letu la Kamina.

Tazama mama aliyetoka Sanga na mahindi yake. Anapima kwa meka, anaijaza mpaka inafanya kilima. Mnunuzi anatia mkono, anatafuna punje kujua kama zimekauka, anadai nyongeza, kisha yeye ndiye anayetaja bei. Mama anakubali, maana jua linazama na kurudi na mzigo ni gharama. Dukani kuna gunia la unga kutoka Zambia: kilo 25, jina la kiwanda limeandikwa. Hapo hakuna anayetafuna kitu. Mnunuzi analipa, anabeba, jioni anasonga bukari.

Je, mahindi ya Zambia ni matamu kuliko yetu? Mimi sijaonja tofauti. Tofauti ni kwamba mteja wa gunia lile anajua kesho atapata uzito uleule na unga uleule. Mahindi yetu kila siku yanaanza upya kujieleza.

Najua mtaniambia habari ya barabara, na ya treni ya shirika la reli SNCC inayofika ikipenda. Ni kweli, na serikali ijibu. Lakini kukausha vizuri, kuchambua, kupima kwa kilo na kuandika "Sanga" juu ya gunia havingoji treni. Wala kumpigia simu ndugu aliyeko Lubumbashi kuuliza bei kabla lori la mnunuzi halijaingia kijijini.

Mkulima mmoja peke yake hawezi kununua mizani. Kikundi kinaweza. Vikundi vyetu vinajua kuchanga, tunaviona kwenye matanga na harusi. Msimu huu vichange mara moja kwa ajili ya mizani, kabla ya mavuno.