Hesabu Hatua Kutoka Kisimani Hadi Chooni



Maneno haya niliyazungumza na vijana wenzangu pale Munje baada ya swala ya Alasiri. Waliokuwepo waliomba yaandikwe ili na wewe ambaye hukufika uyapate. Nimeyaacha karibu vile yalivyotoka mdomoni.

Naanza kwa kukupa kazi. Ukimaliza kusoma, nenda kwenye kisima mnachotekea maji hapo kwenu. Simama ukingoni, halafu tembea kuelekea choo kilicho karibu zaidi, chenu au cha jirani, ukihesabu hatua. Maafisa wa afya ya umma hushauri umbali usipungue mita 30, yaani kama hatua 40 za mtu mzima. Mimi niliwahi kuhesabu kwetu. Nilifika chooni kabla ya hatua ya 20. Nikarudi nikahesabu tena, nikidhani nimekosea. Sikuwa nimekosea.

Sasa tazama chini, pale ulipokanyaga. Sehemu kubwa ya pwani yetu ya kusini imekaa juu ya mchanga na jiwe la matumbawe. Ni neema, manake mvua ikinyesha maji hupenya upesi, na ukichimba kidogo unayapata. Lakini mlango unaoingiza mvua ndio huo huo unaoingiza yaliyomo chooni. Jiwe la matumbawe lina nyufa na mapango, na uchafu ukiingia humo hausubiri kuchujwa. Unasafiri. Isitoshe, maji ya chini hayajui ua wala mpaka wa wadi. Visima vya Tiwi, kwa mfano, vinanywesha Ukunda, Diani na hata upande wa Likoni. Shimo la mtu mmoja ni jambo la watu wengi.

Utaniambia, "Lakini maji yetu ni maangavu, bibi ameyanywa miaka yote." Kweli. Ila uangavu si usafi. Kiwango cha serikali kwa maji ya kunywa kinasema bakteria aina ya E. koli wasipatikane hata mmoja katika mililita 100. Sifuri. Macho hayawezi kuhesabu hiyo sifuri. Maji yenye vijidudu vya kipindupindu au homa ya matumbo yanaweza kung'aa kwenye bilauri kama maji ya chupa.

Na sisi wa Msambweni si wageni wa maradhi haya. Watafiti wamekuja hapa tangu miaka ya 1980 kuchunguza kichocho. Kichocho kinatokana na nini? Mtu mgonjwa anakojoa kwenye dimbwi, vijidudu vinaingia kwa konokono, vinatoka, vinamngoja mtoto wa mwenzake anayekwenda kuoga. Wanafunzi wanameza vidonge, vinawasaidia, halafu wanarudi kwenye dimbwi lile lile. Dawa inatibu mtoto, lakini dimbwi linatibiwa na choo bora, maji safi na usimamizi. Hapo ndipo tunafika kwenye sheria.

Sisi Waislamu jambo hili tumefundishwa tangu chuoni. Mtume, rehma na amani zimshukie, alikataza kukojoa kwenye maji yaliyotuama, na kujisaidia penye njia za maji, barabarani na vivulini. Wanazuoni wa fiqhi wakazungumzia harimu ya kisima, yaani eneo la kukizunguka ambalo haifai mtu mwingine kuliingilia na kukidhuru. Kwa hiyo ukimsikia afisa anasema choo kikae mbali na kisima, usidhani ni mambo ya kigeni.

Je, sheria za nchi zinasemaje? Zipo, tena nzuri. Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, na haki ya viwango vinavyofaa vya usafi wa mazingira. Kifungu cha 42 kinatupa haki ya mazingira safi. Iko Sheria ya Mazingira ya 1999, iliyounda NEMA, inayokataza kuchafua maji. Ziko Kanuni za Ubora wa Maji, zinazoweka kipimo cha majitaka kabla hayajamwagwa kwenye mazingira. Na iko Sheria ya Maji ya 2016, inayozitaka kaunti ziweke mipango ya maji hata vijijini ambako kampuni ya maji haiwezi kupata faida.

Basi mbona kisima kiko hatua 20 kutoka chooni?

Kwa sababu sheria inaweza kukataza uchafu bila ya kuujengea mahali pa kwenda. Nchini Kenya, hata katika maeneo yanayohudumiwa na kampuni za maji, ni chini ya mtu mmoja kati ya watano aliyeunganishwa na bomba la majitaka. Waliobaki, pamoja na sisi, tunatumia shimo au septik. Shimo likijaa, mwenye pesa anaita lori la kunyonya. Lori likishajaa linakwenda wapi? Uliza swali hilo popote pwani na usikilize majibu.

Iko kesi moja nataka uijue. Kule Kiserian, karibu na Nairobi, wenye majengo walishtakiwa kwa kumwaga majitaka kwenye maji ya umma. Wakaenda Mahakama Kuu, na hukumu ikatoka Machi 2006. Majaji walifuta mashtaka wakaona wale watu wametendewa kwa ubaguzi. Lakini hawakuwaambia waende nyumbani wakaendelee kumwaga. Walisema haki ya kuishi inabeba ndani yake haki ya mazingira safi, na wakazigeukia mamlaka zilizotakiwa kuhakikisha mji una mfumo wa kusafisha majitaka. Umeona mizani hiyo? Mchafuzi hana ruhusa ya kuchafua, na serikali haina ruhusa ya kuadhibu tu bila kujenga.

Nasema hivi kwa sababu naijua hatari yake. Sheria ikikazwa vibaya, atakayekamatwa kwanza ni mama wa Munje mwenye choo cha shimo na watoto watano, na lori linalomwaga usiku litapita. Sisi hatuombi sheria ya namna hiyo.

Watu wengine waliipataje sheria yenye meno? Tazama London. Kipindupindu kiliua maelfu kule katika miaka ya 1840 na 1850, na majitaka ya mji mzima yalikuwa yakiingia mto Thames, ambao wengine walikuwa wakinywa. Wabunge walijadili, wakaahirisha. Kiangazi cha 1858 joto likapanda, mto ukanuka, na jengo la Bunge liko pale pale kando ya mto. Mapazia yakalowekwa dawa, haikusaidia. Basi sheria ya kujenga mitaro mikubwa ikapita katika wiki chache tu. Vifo vya maskini havikuwaharakisha kama ilivyowaharakisha harufu iliyofika puani mwao.

Ndugu yangu, harufu ya Munje haitafika Bunge la Nairobi. Ni mbali. Kitakachofika ni karatasi yako.

Na karatasi hufanya kazi. Wakaazi wa Owino Uhuru, hapo Mombasa, walitiwa sumu ya risasi na kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri kuukuu. Walikwenda mahakamani wakitegemea haki hizi hizi za Katiba. Mwaka 2020 wakapewa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikawapindulia. Hawakukunja mkeka. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikawarudishia ushindi wao. Ilikuwa safari ndefu, na wengine waliugua na kufa njiani. Lakini leo kijana yeyote wa Kenya anaweza kuishika hukumu hiyo mkononi. Na Kifungu cha 70 cha Katiba kinasema huhitaji kuthibitisha kwamba umeshaumia ndipo uende mahakamani. Huna haja ya kungoja mazishi.

Basi tunataka sheria ya kitaifa iseme nini? Mimi naona mambo matatu. Kwanza, kisima cha kijiji kinachonywewa na umma kipimwe kwa ratiba, kama maji ya bomba, na majibu yabandikwe msikitini, shuleni na kwa chifu. Pili, kila kaunti iwe na mahali halali pa kusafishia uchafu wa vyoo, na kila lori liandikishe limebeba nini, limetoa wapi na limemwaga wapi. Tatu, fungu la usafi wa mazingira kwenye bajeti lisiwe la kuchezewa, na familia isiyojiweza isaidiwe kwanza kabla ya kutishwa na faini.

Kwa nini kitaifa na si kaunti peke yake? Huduma ya maji na usafi ni kazi ya kaunti, kweli. Lakini mto hauulizi mpaka. Kaunti moja ikikaza na jirani yake ikalegeza, lori litavuka.

Sasa wewe, kijana, fanya haya. Kwanza hesabu hatua, uandike, pamoja na vijana wa mtaa wenu, kisima kwa kisima. Msitaje majina ya wenye vyoo. Tunatafuta picha ya kijiji, hatutafuti aibu ya jirani. Pili, peleka barua kwa ofisi ya umma ukiomba majibu ya vipimo vya maji ya eneo lenu. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inawapa siku 21 za kukujibu. Wakinyamaza, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Kiutawala. Tatu, hudhuria vikao vya bajeti ya kaunti. Makadirio hufikishwa bungeni mwisho wa Aprili, kwa hiyo ukija Juni umekuta sahani zimeoshwa. Nne, andika ombi rasmi kwa Bunge. Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki hiyo, na huhitaji wakili.

Na usingoje sheria kumlinda mamako leo. Chemsha maji ya kunywa au yatie dawa. Funika kisima. Ukijenga nyumba, panga choo kabla hujapanga sebule.

Siku nilipohesabu zile hatua, bibi aliniuliza natafuta nini uani. Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia kile kisima kilichimbwa na babu, na wakati huo hapakuwa na nyumba yoyote karibu. Choo kilikuja baadaye. Hakuna aliyekusudia ubaya. Watu waliongezeka, ardhi haikuongezeka, na hakuna aliyekuwa na kazi ya kuangalia.

Kazi hiyo ya kuangalia sasa ni yetu. Nitumie hesabu yako ya hatua, tuanze kuandika ombi letu.