Mrija Mmoja Ukitolewa, Uzazi Haujaisha

Leo tuzungumze juu ya mimba iliyoshika nje ya tumbo la uzazi, maana tumeona nyumba zikigombana kwa ajili yake.

Mara nyingine mimba hukwama njiani, ndani ya mrija unaopitisha yai. Mrija ni mwembamba, mtoto hawezi kukua humo. Unaweza kupasuka, damu ikamwagika tumboni bila mtu kuiona. Mama aliyekosa siku zake, akaumwa na tumbo upande mmoja, akatokwa na damu kidogo, akasikia kizunguzungu au maumivu ya bega, asingoje asubuhi. Ndiyo, hata bega! Wengi wetu tungelichua tu.

Usiku mmoja tulimsindikiza mama wa namna hiyo hospitali, gari tukililipa kwa pesa za kikundi. Daktari akasema mrija umepasuka, lazima utolewe. Mume akakataa: "Mkiutoa, watoto nitapata wapi?" Tukabembelezana naye pale varanda karibu saa nzima. Mwishowe mama mwenyewe aliomba kalamu, akatia sahihi. Kosa lilikuwa letu pia, kwani tulipaswa kumwuliza yeye kwanza. Mwili ni wake, na ni mtu mzima.

Jamani, mirija ni miwili. Ukibaki mmoja mzima, mama anaweza kushika mimba tena.

Kama mrija haujapasuka, pengine daktari ataupasua kidogo, aondoe mimba na kuuacha. Watu hudhani hiyo ndiyo njia bora siku zote. Utafiti wa Ulaya na Marekani uliotolewa 2014 ulifuata wanawake 446 ambao mrija wao wa pili ulikuwa mzima. Katika miaka 3, walioachiwa mrija, kama 61 kwa kila 100 walipata mimba bila kusaidiwa, waliotolewa, 56. Si tofauti ya kugombania. Tena aliyeachiwa ni lazima arudi kupimwa damu mpaka ihakikishwe hakuna kilichobaki. Ila mrija wa pili ukiwa umeharibika, hapo mwulizeni daktari kama huu waweza kuokolewa.

Mimba ijayo, aende mapema, kama wiki ya 6, apigwe picha, kwa sababu jambo hili hurudi kwa wengine. Na pesa za gari wekeni kando sasa, kwa mtu anayeamka akibishiwa usiku.