Mkanda wa mandolini yetu

(Maneno yaliyosemwa kwa mkutano wa wanachama)



Munajua mandolini tuliyorudi nayo kutoka kambini. Ni ya chama, haiko ya mtu mmoja; ikipigwa kwa harusi, franka zinaingia mfuko wa wagonjwa. Mwezi uliopita ilianguka, ilibakia kidogo shingo ivunjike. Kosa ni letu: tulifunga mkanda vibaya.

Kuna mandolini zenye bega lililojikunja kama konokono. Orville Gibson wa Kalamazoo, Marekani, alichonga za namna hiyo. Kampuni ya jina lake ilianza 1902. Kwa hizo, mkanda unapita ndani ya mkunjo ule, na ncha ingine inashikwa na kifungo cha chini, pale nyuzi zinaishia. Tumia ngozi, chuma kinakwaruza verni.

Yetu haina konokono, iko kama tone la maji. Sisi tulifunga kamba kwa funguo za kukazia nyuzi, ikateleza. Kumbe inafaa ipite chini ya nyuzi zote nane, kati ya kile kijiti cha kichwani na funguo za kwanza. Ao fundi aweke kifungo cha pili pale shingo inaungana na tumbo. Atoboe kwanza tundu jembamba mbele ya kuingiza visi, mbao isipasuke.

Mbele ya kusimama, muvute mkanda kwa nguvu mukiwa mumekaa bado. Ikivunjika, mfuko wa wagonjwa unakauka.