Anayeuza Simu Aipokee Ikifa

Msikilizaji, simu yako ikifa bodi, fundi wa Kariakoo hakwambii uitupe. Anakuuliza unaiuza bei gani. Akishaipata anafungua skrubu: kioo anamwekea aliyevunja chake jana, spika na kamera zinasubiri wateja. Kisha anaipuliza bodi kwa hewa ya moto na kunyofoa kwa kibano aisii ya chaji, kidude kidogo kuliko kucha ya mtoto. Huo ndio urejelezaji wetu wa kwanza, tena unamlisha mtu.

Tatizo linaanzia pale fundi anapomaliza. Inabaki bodi iliyochunwa na betri iliyovimba, na hivyo havina mnunuzi. Vinakwenda jalalani. Betri ya lithiamu ikitobolewa au kupondwa huweza kulipuka moto. Nyaya za chaja nazo zinachomwa ili ipatikane shaba ya kuuza kwa kilo, na moshi wake wa sumu anauvuta mchomaji na mtaa mzima.

Bodi hiyo ina shaba, fedha, paladiamu na dhahabu. Wajapani walikusanya simu zaidi ya milioni 6 pamoja na vifaa vingine vya kielektroniki, wakapata kilo 32 hivi za dhahabu. Medali za Olimpiki ya Tokyo zilitoka humo. Kule Hoboken, Ubelgiji, kiwanda cha Umicore huyeyusha bodi kama hizi, kisha hutenga madini moja baada ya jingine.

Tanuri la aina hiyo ni ghali, na hatulihitaji kila mkoa. Tunachokosa ni mtu wa kupokea. Nairobi kipo kituo kiitwacho WEEE kinachochukua vifaa vya kielektroniki vilivyokufa na kuvibomoa kwa utaratibu, na sheria ya taka ya Kenya ya mwaka 2022 inamtwisha mzalishaji jukumu la bidhaa yake hata baada ya kuiuza.

Jukumu hilo lifike dukani. Anayeingiza simu nchini atenge fedha za kununua bodi na betri kwa mafundi, kwa kilo, kama vyuma chakavu vinavyonunuliwa. Fundi akilipwa, hatatupa.

Na wasituambie hakuna mahali pa kuvipokelea. Kampuni zilizoweza kusimamisha miavuli ya kuuza simu kila stendi haziwezi kukosa pa kuweka pipa la betri.