Kazi ya Kuwekeza Katika Sarafu na Uanzishaji wa Mfuko Mdogo



Mada hii inawahusu hasa vijana wenye akaunti za foreksi kwenye simu, ambao sasa jamaa na wanachama wenzao wa chama cha akiba wanawaambia, "Tuzungushie na zetu." Msimamo wangu ni kwamba msimamizi wa sarafu hulipwa kwa kudhibiti hasara, na kumbukumbu za udhibiti huo ndizo mtaji wake wa kwanza.

Fursa zipo. Kwa hesabu ya Benki ya Malipo ya Kimataifa, mwaka 2022 biashara ya sarafu ilifikia takriban dola trilioni 7.5 kwa siku. Kinachowamaliza vijana ni ukubwa wa biashara wanazofungua. Kanuni za Kenya za mwaka 2017 zinamruhusu dalali kumpa mteja nguvu ya hadi mara 400 ya amana yake, ilhali Umoja wa Ulaya uliweka mwisho wa mara 30 kwa sarafu kuu mwaka 2018. Mwenye dola 2,000 anaweza basi kushika biashara ya dola 800,000. Bei ikimgeuka kwa robo ya asilimia, akaunti imekwisha, na euro hutembea kiasi hicho asubuhi moja tu.

Tufanye hesabu ya mtu makini mwenye dola hizohizo 2,000. Ameamua kutopoteza zaidi ya asilimia 1 kwa biashara moja, yaani dola 20. Ananunua euro kwa 1.1000 na kuweka kikomo cha hasara 1.0950, umbali wa pointi 50 (pointi moja ni 0.0001). Kila pointi basi isizidi senti 40. Kwa kuwa euro 1,000 hubadilika senti 10 kwa pointi, atanunua euro 4,000, basi. Hesabu hii ifanywe kabla ya kubonyeza kitufe, kila mara, na iandikwe.

Hata hivyo kikomo hakitoshi. Tarehe 15 Januari 2015 Benki Kuu ya Uswisi iliacha ghafla kulinda bei ya faranga 1.20 kwa euro. Bei iliruka vikomo vya watu bila kupata mnunuzi njiani, na wateja wengi wakajikuta wanadaiwa na madalali wao. Ndiyo sababu fedha zote za mfuko zisikae kwa dalali mmoja, wala zisiegemee sarafu moja.

Ukubwa wa mfuko nao si kinga. FX Concepts ya New York, iliyoanzishwa na John Taylor mwaka 1981, ilikuwa miongoni mwa mifuko mikubwa kabisa ya sarafu duniani, lakini ilifungwa mwaka 2013 baada ya faida kufifia na wawekezaji kutoa fedha zao.

Mfuko mdogo una tatizo jingine: gharama. Ada ya usimamizi ya asilimia 2 kwa mfuko wa dola 100,000 ni dola 2,000 kwa mwaka. Hiyo haimlipi mkaguzi, sembuse kodi ya nyumba. Kwa hiyo namsihi kijana asiache kazi. Bora zaidi, atafute kazi kwenye kitengo cha fedha za kigeni cha benki, au awashauri waagizaji bidhaa. Mwenye duka la vipuri barabara ya Kirinyaga, Nairobi, aliyenunua dola kwa takriban shilingi 160 Januari 2024 alishuhudia mwenzake akinunua kwa karibu 130 miezi michache baadaye, baada ya Serikali kupata mkopo wa dola bilioni 1.5 mwezi Februari na kutuliza hofu ya deni lililopaswa kulipwa Juni. Mtu huyo anahitaji mshauri wa kumgawia manunuzi yake kwa awamu, na atalipa.

Kuhusu fedha za chama, nasema wazi: usizipokee kabla ya leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, hata wanaokuomba wakiwa shangazi zako. Kwa sasa zungusha zako, utunze taarifa za dalali za miaka miwili au mitatu bila kuficha mwezi mbaya. Leseni ikipatikana, akaunti iwe kwa jina la chama, msimamizi awe na ruhusa ya kununua na kuuza tu, kutoa fedha hapana. Mkataba utaje kiwango cha hasara ambacho kikifikiwa biashara zote zinafungwa na wanachama wanaitwa kikaoni. Mimi napendekeza asilimia 15, maana aliyepoteza nusu anahitaji faida ya asilimia 100 ili tu arudi alipokuwa.