Kumrejesha Kazini Aliyeugua Maradhi ya Akili
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanajumuiya, Rumonge)



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, naomba ruhusa yenu niseme juu ya watu waliomo katika nyumba zetu lakini hawamo katika mazungumzo yetu. Nao ni ndugu walioshikwa na maradhi ya akili, wakatibiwa, wakapata nafuu, kisha wakarudi kwao wakakosa pa kushika. Mtu akitokwa na homa, siku ya pili jirani humwita ufukoni aje kuvuta wavu. Aliyetoka hospitali ya akili haitwi. Watu humwamkia kwa mbali, watoto humfuata kwa kelele, na jina la wazimu humganda hata baada ya maradhi kumwacha.

Sisi watu wa mwambao huu hatuwezi kusema kuwa hayo ni mambo ya wengine. Mwezi wa Aprili 1972 maasi yalianza huku kusini, Rumonge na Nyanza-Lac, yakafuatwa na mauaji yaliyoenea nchi nzima, na maelfu ya watu wakakimbilia Tanganyika ya zamani, upande wa Kigoma. Vita vya 1993 vikaongeza misiba juu ya misiba. Wako waliorudi baada ya miaka thelathini na zaidi, wakakuta mashamba yao ya michikichi yana wenyewe wengine. Si kila maradhi ya akili hutokana na msiba. Mengine humjia mtu aliye katika neema. Lakini nchi iliyopita katika mambo hayo haina haki ya kumcheka mgonjwa.

Tiba ipo. Hospitali ya Kamenge, mjini Bujumbura, inatibu maradhi ya akili na kifafa tangu miaka ya 1980. Kisomo na dua havigombani na dawa. Anayemwombea mgonjwa wake na ampeleke pia kwa mganga wa hospitali, wala asimkatize dawa kwa sababu amemwona ametulia. Hata hivyo dawa hufika mahali ikasimama. Humpa mtu usingizi na utulivu, lakini haimrudishii desturi ya kuamka mapema, ya kupokea agizo, ya kukosana na mwenzake asubuhi na kupatana naye jioni, ya kuhesabu ujira wake na kuupangia matumizi. Mambo hayo mtu huyapata kazini, kati ya watu, wala hayapatikani kwa nasaha za barazani.

Wazee wetu wa kale waliujua wajibu huu. Hospitali aliyoijenga Sultani Qalawun mjini Cairo mwaka 1284, kwa mali ya wakfu, iliwatengea wagonjwa wa akili sehemu yao, nao wakahudumiwa kama wagonjwa wengine. Katika Afrika Mashariki, Lutindi katika milima ya Usambara palianzishwa mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliookolewa utumwani, na tangu 1904 pakawa hospitali ya akili. Huko kilimo na kazi za mikono viliingizwa katika matibabu yenyewe.

Mfano mwingine watoka Marekani. Watu waliotoka hospitali ya akili walianza kukutana wao kwa wao, na mwaka 1948 wakapata nyumba mjini New York, iitwayo Fountain House. Humo mtu haitwi mgonjwa, huitwa mwanachama. Asubuhi wanachama na watumishi hugawana kazi za nyumba: kupika, kuandika barua, kupokea wageni, kutunza hesabu. Watumishi huwekwa wachache makusudi, ili kazi isikamilike pasipo wanachama. Maana yake ni kwamba asipokuja, pengo lake litaonekana, na mtu atakwenda kumwuliza hali. Mwaka 1971 ndugu wa Pakistani wakaanzisha nyumba ya namna hiyo mjini Lahore. Leo nyumba kama hizi zapita 300 duniani.

Kisha yaja hatua ya ujira. Klabu hupatana na tajiri nafasi moja ya kazi ya kweli, ya saa chache, kwa mshahara uleule ambao angelipwa mtu mwingine. Mwanachama huishika kwa miezi 6 hadi 9. Siku asiyoweza, mwenzake humshikia, tajiri asipate hasara. Muda ukiisha, nafasi hupewa mwingine, naye wa kwanza huenda kutafuta kazi ya kudumu hali ana sifa ya kuwa alifanya kazi akaimaliza.

Je, Rumonge twaweza? Tazameni ufukoni. Alfajiri mitumbwi ikirudi, dagaa hupimwa, huoshwa, huanikwa, hugeuzwa, huchambuliwa na kutiwa magunia. Wakianikwa juu ya vichanja badala ya mchangani huwa safi, na mnunuzi huwapenda zaidi. Wingu la mvua likitanda, yatakiwa mikono mingi ya haraka, la sivyo mali yote huoza. Siku za mbalamwezi, taa zisipovuta samaki, zipo nyavu za kushona, vichanja vya kutengeneza na mawese ya kukamua. Hapana mkono usiopata kazi yake katika orodha hiyo.

Lakini yapasa tushike masharti. Kwanza, kazi iwe ya kweli na ujira uwe wa haki. Kumtumikisha aliyeugua kwa sahani ya chakula ni dhuluma hata ikiitwa huruma. Pili, asipelekwe ziwani usiku, kwa maana kukosa usingizi huweza kuyaamsha maradhi, na mwenye kifafa maji ni hatari kwake. Tatu, awe na kivuli, maana dawa nyingine hufanya ngozi iungue upesi juani. Nne, siku yake ya kwenda hospitali isihesabiwe kuwa uvivu. Tano, aulizwe mwenyewe ni kazi gani aitakayo, kwani akili iliyougua haikupoteza hiari yake.

Tusipofanya hivyo, twajua mwisho wake. Kijana hufichwa chumba cha nyuma, pengine kwa kamba, na mama yake humlisha kwa mkono uleule unaozeeka. Mama huyo akiondoka duniani, nani atamrithi mzigo wake?

Basi naleta ombi dogo. Jumuiya hii iteue watu watano, kina mama wakiwamo, waanze na vichanja vichache na wanachama wachache. Na katika wenye mitumbwi, mashine za mawese na maduka mlioketi hapa, namtaka mmoja tu asimame leo aseme: nafasi moja ya kazi naitoa. Atakayesimama, jina lake na liandikwe na katibu kabla hatujatawanyika.